Kurudi Nyuma Langoni

Somo: Ruthu 4:1–10

 

Katika somo letu yuko mtu ambaye hata jina lake halikuandikwa. Shamba la marehemu Elimeleki linauzwa. Mtu huyu ndiye jamaa wa karibu zaidi, na Boazi anamwuliza mbele ya wazee kumi, langoni mwa mji, kama atalikomboa. Anakubali mara moja. Kisha anaambiwa kwamba katika shamba hilo imo pia haki ya mjane, Ruthu. Anaona urithi wake mwenyewe utaharibika. Anakataa, anavua kiatu chake, mambo yanakwisha.

Wahubiri wengi tumemsema vibaya mtu huyu. Mimi nilipokuwa chuo cha theolojia nilimhubiri kama mchoyo. Leo naomba nimtetee kwa jambo moja tu: alirudi nyuma mchana, mbele ya watu, kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi, ndugu zangu, sikufanya hivyo.

Sisi wachungaji huishi katika nyumba ya kanisa. Siku ya kustaafu unakabidhi ufunguo, unatoka na vitabu vyako. Kwa hiyo mke wangu nami tuliweka akiba miaka mingi ili tupate mahali petu pa kuzeekea. Dalali mmoja akatuonyesha kiwanja upande wa Diani. Bei ilikuwa nafuu. Akasema wanunuzi wengine wanakuja kesho, kwa hiyo tutoe arubuni leo. Nikatoa. Sikuandika mkataba, sikumwuliza wakili. Nilipokea kipande cha karatasi, nikaenda nyumbani nikimshukuru Mungu.

Jumamosi tulikwenda kuiona mipaka. Tukamkuta mama mzee amekaa mbele ya nyumba ya makuti. Alitukaribisha, akamwita kijana apande mnazi, akatupa madafu. Tulipokuwa tukinywa akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe ndiye uliyenunua hapa?" Minazi ile aliipanda marehemu mumewe. Dalali alinivuta kando akaniambia, "Mchungaji, huyo ni skwota tu. Ataondoka." Lakini dafu la yule mama lilikuwa bado mkononi mwangu.

Jumatatu nilipanda gari kwa njia ya Kombani hadi Kwale, ofisi ya ardhi, nikafanya uchunguzi wa hatimiliki, ule ambao wengi huuita sachi. Nikakuta zuio limeandikishwa juu ya ardhi ile. Ukoo wa yule mama unadai haki yake. Jambo ambalo ningelijua kabla ya kutoa hata senti moja, nililijua baada ya kutoa.

Niliamua moyoni kwamba sinunui. Huo haukuwa uamuzi mbaya. Ubaya ulikuja baadaye. Dalali alipopiga simu, sikupokea. Alipopiga kwa mke wangu, nilimwonyesha kwa mkono aseme sipo. Akasema sipo. Kisha akaiweka simu chini, akaniangalia, akasema, "Baba, leo umenifanya shahidi wa uongo." Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesoma Amri Kumi madhabahuni.

Wapenzi, Zaburi ya 15 yamsifu mtu anayeshika neno lake hata likimtia hasara. Lakini Mithali sura ya 6 yamwambia aliyenaswa kwa maneno ya kinywa chake aende upesi, ajinyenyekeze, ajiokoe kama paa. Je, Maandiko yanapingana? Hapana. Ukivunja ahadi kwa sababu umeona kiwanja cha bei nafuu zaidi Msambweni, Zaburi inakuhukumu. Ukigundua kwamba ahadi yako itamng'oa mjane penye minazi yake, Mithali inakuambia uondoke. Lakini angalia namna ya kuondoka: yasema uende ukajinyenyekeze kwake, wala haisemi ujifiche.

Nikaenda Ukunda, kibandani mwa yule dalali. Nilimwambia, "Ndugu yangu, sinunui, na sababu ni hii. Kuanzia leo usiseme neno lolote kwa jina langu. Na nisamehe, nilikudanganya kwamba sipo." Nilimlipa nauli za safari alizonipeleka, kwa kuwa mtenda kazi astahili ujira wake. Nikamwandikia na mwenye kuuza, ili asije akaendelea kuningojea. Arubuni ilirudi nusu. Nusu nyingine ndiyo karo ya somo langu.

Nanyi mjifunze kwa karo yangu. Nendeni ofisi ya ardhi kwanza, arubuni baadaye. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, utiwe sahihi na kushuhudiwa. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka kibali cha bodi kiombwe ndani ya miezi sita. Kibali kisipopatikana mauzo hubatilika, na mnunuzi aweza kudai fedha zake kama deni. Tena tangu 1984 iko sheria inayotaka mawakala wa nyumba na mashamba wawe wamesajiliwa. Si haya kumwomba dalali akuonyeshe cheti chake. Abrahamu alipomnunulia Sara kaburi alipima fedha mbele ya watu wote langoni. Yeremia alipolinunua shamba la Anathothi alitia sahihi na kuweka mashahidi. Mambo haya si ya dunia tu. Ni kutembea nuruni.

Mwisho nilirudi kwa yule mama kumwambia kwamba sinunui. Nilidhani atafurahi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Umefanya vyema, mwanangu. Lakini atakuja mwingine."

Sikuwa na jibu. Huenda huyo mwingine ni wewe unayenisikiliza asubuhi hii, na arubuni iko mfukoni. Kabla hujaitoa, uliza ni nani anayelala pale, na ni nani aliyeipanda miti.

Na tuombe. Ee Bwana, mwenye dunia na vyote viijazavyo, utupe makao bila kumnyang'anya mtu makao yake. Utupe ujasiri wa kusema siyo mchana, na utusamehe tulipojificha. Uwalinde wajane wa pwani yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.