Daftari la VICOBA

Wahitimu wetu, wazazi wenu wako juani tangu asubuhi, kwa hiyo naingia kwenye pesa moja kwa moja.

Mliosoma uchumi mnamkumbuka Simon Kuznets. Mwaka 1955 alikisia kwamba nchi inapokua, pengo la kipato hupanuka kwanza, kisha hupungua. Mwenyewe alikiri kuwa sehemu kubwa ni makisio. Waliomnukuu baadaye walilisahau hilo.

Hapa Tanzania, kuanzia 2012 hadi 2018 uchumi ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, lakini umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4 tu. Migodi, ujenzi na simu vilikimbia; mkulima, ambaye ndiye sisi tulio wengi, alitembea.

Je, huduma za fedha zinaziba pengo hilo? Inategemea huduma ipi. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, na wanawake wengi waliacha jembe wakaingia biashara. Hiyo ni kutuma na kupokea. Kukopa ni habari nyingine. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu huko Kenya, ilipoanza mwaka 2012, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Piga hesabu ya mwaka: 90. Wastani wa riba za benki nchini humo, kwa wenye hati na dhamana, haukufika robo ya hapo. Mwaka 2016 Bunge la Kenya likaweka ukomo wa riba za benki. Benki nyingi zikamkimbia mfanyabiashara mdogo na kununua hati fungani za serikali. Sheria ikaondolewa 2019.

Ninyi ndio mtakaoketi kwenye dawati la mikopo. Atakuja mama lishe asiye na kiwanja, ila ana daftari la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa: hisa kila wiki, marejesho bila kuchelewa, kwa miaka. Fomu yenu haitakuwa na mahali pa kuliandika. Mpelekeeni meneja daftari hilo. Akisema halikubaliki, mwombeni kwa adabu awaonyeshe kifungu kinacholikataza.