SHERIA IANZIE KWA MWAJIRI
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati na waumini, Sondu)



Nimeombwa nizungumze juu ya wafanyakazi wa kigeni wasio na vibali, na juu ya wale wanaowaajiri. Msimamo wangu nautamka mapema: sheria ni lazima itekelezwe, lakini utekelezaji wake uanzie mlangoni kwa tajiri, wala si mgongoni mwa kibarua.

Jambo hili si geni kwetu. Kenya ilitunga Sheria ya Uhamiaji mwaka 1967, na wasio raia wakatakiwa kuwa na vibali vya kufanyia kazi. Wahindi wengi waliokuwa na pasi za Kiingereza walifunga maduka yao wakaenda Uingereza, na wako waliowashangilia. Haikupita miaka mitatu kibao kikageuka. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza kutoka Uganda Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo wa kandokando ya ziwa hili. Watu waliotumikia nchi ile kwa miaka mingi walirejea makwao bila kazi. Kipimo tulichowapimia wengine tulipimiwa na sisi.

Leo sisi ndio wenyeji. Watu huvuka Busia, na wengine huvuka ziwa, wakitafuta kazi za nyumbani, za shamba na za uvuvi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 haimtaji kibarua peke yake. Anayemwajiri mtu huku akijua kwamba hana ruhusa naye ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini mwaka 2018, serikali ilipoanzisha msako, wananchi walipewa nambari ya simu ya kuwaripoti wageni. Macho ya umma yakaelekezwa kwa mnyonge.

Tujiulize: kwa nini tajiri humpenda mfanyakazi asiye na kibali? Si kwa huruma. Mtu huyo hawezi kumwendea afisa wa kazi. Akinyimwa mshahara, hunyamaza. Akiudai, hutishwa kwa polisi. Naye kijana wa Nyakach anayetaka ujira halali huambiwa nafasi hakuna. Ukimfukuza kibarua na kumwacha tajiri, kesho ataleta mwingine. Hofu ya mgeni ndiyo faida ya mwajiri, na hasara yake inatuangukia sisi sote.

Ndugu zangu, hapa Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho, tunalijua neno “mgeni” kwa uchungu. Katika mapigano ya kikabila yaliyoanza Meteitei mwaka 1991, raia wa Kenya waliitwa wageni ndani ya nchi yao wenyewe, wakachomewa nyumba. Kwa hiyo kazi ya kuamua nani ni mgeni isiachiwe umati, chifu wala mwanasiasa. Ni kazi ya Idara ya Uhamiaji na mahakama. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 41, inampa haki kazini kila mtu, haisemi kila raia. Na Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, mwajiri ashtakiwe kabla kibarua hajasafirishwa. Pili, asiondolewe mtu nchini kabla ya kulipwa ujira wa kazi aliyoifanya. Tatu, njia ya kupata kibali iwe wazi kwa jirani zetu, kama inavyoahidi Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010.

Nanyi waumini mnajua kwamba Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inakataza kumdhulumu kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, na inaagiza alipwe kabla jua halijatua. Kabla hatujainyoshea serikali kidole, kila mmoja wetu amtazame yule anayemfulia nguo na kumchungia ng'ombe. Je, amemlipa?