Kuamsha Mwili Uliolala
Mazungumzo ya asubuhi kwa wagonjwa na wageni wanaongoja

Leo hatutasema juu ya malaria wala juu ya chanjo ya watoto. Tunataka kusema juu ya neno moja ambalo watu wanatuletea kila wakati wa kulima. Mtu anaingia polepole, anashika ukuta, anakaa kwa shida, kisha anasema: "Munganga, mwili wote umekaza. Mapaja yanauma, mgongo unauma, hata kushuka kilima siwezi. Unipige sindano." Tunamwuliza: "Ulifanya nini?" Anajibu: "Nililima siku moja tu." Tunauliza tena: "Na mbele ya siku ile, ulishika jembe lini?" Hapo ananyamaza, anahesabu miaka.

Watu wa namna hii ni wengi. Kuna mwalimu aliyepumzishwa kazi kisha miaka 30 ya darasani. Kuna dereva na karani. Kuna mama anayeuza maharagi sokoni, anakaa juu ya kiti kidogo toka asubuhi mpaka jioni. Kuna mtu aliyekimbia vita, akakaa kambini miaka mingi bila shamba, na sasa amerudi kwao. Kuna baba aliyeacha mpira zamani, na Jumapili moja rafiki zake wakamwita kucheza na timu ya wazee.

Wote wanapatwa na maumivu yaleyale. Lakini hatari kubwa haiko katika maumivu. Hatari iko katika neno wanalosema nyuma yake: "Mimi nimekwisha zeeka, sitaweza tena." Mtu anarudi kwenye kiti chake, na kiti kinammaliza kidogo kidogo. Ndiyo sababu tunataka mufahamu vizuri.

KWA NINI MWILI UNAKAZA?

Mwili hautaki kulisha mfanyakazi asiyefanya kazi. Misuli, ndiyo ile nyama ya mapaja, mikono na mgongo inayovuta mifupa, ikikaa bila kazi inapungua na kulegea, na inakuwa mifupi. Moyo na mapafu vilevile vinazoea kazi ndogo.

Tuangalie sasa viungo. Munapokula kuku, munaona mwisho wa mfupa kitu cheupe, laini, chenye kuteleza. Sisi pia tuko nacho katika magoti, nyonga na mabega. Kitu kile hakina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka katika maji mazito yaliyo ndani ya kiungo, na maji yale yanaingia vizuri wakati kiungo kinakunjwa na kunyooshwa, sawa vile sifongo inavyokunywa maji ukiibana na kuiachilia. Kiungo kisichotembea kinapata njaa. Bawaba ya mlango usiofunguliwa inashika kutu, na siku ya kuufungua inalia. Je, tutang'oa mlango kwa sababu umelia? Hapana. Tunaufungua polepole, mara nyingi, mpaka unazoea.

MAUMIVU YALE NI NINI?

Mtu akifanya kazi ambayo mwili umeisahau, nyuzi ndogo sana za misuli zinapasuka kidogo. Si kidonda cha kuonekana kwa macho. Mwili unaanza kuzitengeneza, na matengenezo yale ndiyo yanaleta uvimbe kidogo na maumivu. Hayaanzi palepale. Yanaanza kisha masaa 12 mpaka 24, yanazidi siku ya pili ao ya tatu, kisha yanapungua. Kwa kawaida, mbele ya siku 7 yamekwisha.

Kwa hiyo mtu aliyelima Jumatatu akicheka, na Jumatano hawezi kuinama, asiseme kwamba jirani amemroga Jumanne usiku. Ni jembe la Jumatatu linalozungumza.

Wengine walifundishwa kwamba ni asidi inayobaki ndani ya misuli. Lakini asidi ile inaondoka kisha saa moja ao mbili za kupumzika. Maumivu ya siku ya pili ni ya zile nyuzi.

Tena kuna jambo la kushangaza. Kupanda kilima kunatuchosha na kutuondolea pumzi, lakini kushuka ndiko kunaleta maumivu zaidi. Kwa nini? Wakati wa kushuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inajikaza, na papo hapo inanyooshwa. Ndiyo kazi inayopasua nyuzi sana. Mama anayeshuka kutoka shamba na kitunga cha viazi mgongoni anashika breki kila hatua. Basi siku za kwanza, mzigo wa kushuka nao uwe mdogo, na hatua ziwe fupi.

Na habari njema ni hii: kazi ileile, ukiirudilia kisha juma moja ao mawili, haitauma sawa na mara ya kwanza. Nyuzi zilizotengenezwa zina nguvu kupita za zamani. Mtu anayeacha siku ya tatu amelipa bei yote, lakini ameacha mali yake dukani.

JE, MZEE ANAWEZA?

Anaweza. Mwaka 1990 waganga wa Boston, Marekani, walitoa habari za wazee 10 wenye umri wa karibu miaka 90, watu zaifu waliokaa katika nyumba ya kutunza wazee. Waliwafundisha kuinua uzito kwa miguu kwa muda wa majuma 8. Wale waliomaliza, nguvu za mapaja yao zilizidi mara mbili. Kama mtu wa miaka 90 aliweza, wewe wa miaka 55 unasemaje?

Na tusifikiri kwamba kukaa ni salama. Mwaka 1953, huko London, walilinganisha madereva wa basi waliokaa mchana kutwa na wakata-tiketi waliopanda na kushuka ngazi za basi zilezile. Madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo kuwapita wenzao.

MAMBO YA KUACHA

Ya kwanza: musinunue vidonge ovyo sokoni. Diklofenaki na indometasini zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, zaidi sana kama mtu hakunywa maji, ni mzee, ao ana presha. Prednisoloni na deksametazoni zinatuliza upesi, na ndiyo sababu watu wanazipenda. Lakini zikimezwa siku nyingi zinapandisha sukari na presha, zinalegeza mifupa, na zinakata nguvu za misuli ileile unayotaka kuiponya. Kama maumivu yanakuzuia kulala, parasetamoli inatosha: kwa mtu mzima, vidonge viwili vya miligramu 500, si zaidi ya mara tatu kwa siku, kwa siku chache tu. Mwenye ugonjwa wa ini atuulize kwanza.

Ya pili: musitafute sindano. Haiponyi neno hili, na sindano chafu inaleta jipu matakoni.

Ya tatu: musichanjwe kwa wembe mgongoni ao magotini. Wembe mmoja kwa watu wengi unapitisha SIDA na ugonjwa wa ini, na kidonda kinaweza kuingiza pepopunda.

Ya nne: musilale siku nzima. Mwili uliokaza unataka kutembea kidogo. Kulala kunauongezea ugumu.

NAMNA YA KUANZA

Asubuhi, mbele ya kutoka kitandani, kunja na kunyoosha vidole vya miguu, magoti na mikono, mara kumi kumi. Vuta goti moja kuelekea kifua, kisha lingine. Ni dakika tano tu.

Juma la kwanza, tembea kwa mguu dakika 10 asubuhi na 10 jioni, njia ya tambarare. Kipimo ni kinywa chako: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Kila juma ongeza dakika chache. Kisha majuma sita hivi, ujaribu kufika dakika 30 kwa siku, siku tano kwa juma. Hizo ni dakika 150, na ndicho kipimo kidogo ambacho Shirika la Afya Duniani linawaomba watu wazima.

Mara mbili ao tatu kwa juma, ukiruka siku moja katikati, fanya mambo matatu. Kaa juu ya kiti imara na usimame bila kujisukuma kwa mikono, mara tano. Ukizoea, mara kumi. Simama mbele ya ukuta, uweke mikono na uusukume mara tano mpaka kumi. Shika mwimo wa mlango, uinuke juu ya vidole vya miguu, na ushuke polepole. Hakuna franka hata moja inayotoka.

Kwa shamba: siku ya kwanza usishindane na vijana. Lima dakika 20, unyooshe mgongo, unywe maji, upumzike, kisha dakika 20 tena, na uishie hapo. Kesho yake palilia ao chagua mbegu. Kesho kutwa rudi kwa jembe. Jembe lenye mpini mfupi sana linakukunja mara mbili. Tafuta mpini wa urefu wako.

Tumieni kipimo cha kesho. Leo mtu anajiona simba. Kesho asubuhi ndiyo inasema kweli. Ukiamka na ugumu kidogo unaopungua ukitembea, endelea vilevile. Ukiamka huwezi kuvaa viatu, umefanya kupita kiasi: siku mbili fanya kazi nyepesi, kisha urudi na nusu ya kazi ile. Maji ya moto na kusugua polepole kwa mafuta ya mawese vinatuliza. Kula maharagi, ndagala, mayai ao soya, kwa sababu misuli haijengwi kwa bugali peke yake.

NJOONI HOSPITALI KAMA MUNAONA HAYA

Mkojo wa rangi ya kahawa kisha kazi nzito: ni misuli iliyoharibika sana, na figo ziko katika hatari. Njoo siku ileile.

Kifua kinabanwa, pumzi inakatika, jasho baridi ao kuzimia wakati wa kazi. Acha kazi palepale.

Mguu mmoja tu umevimba nyuma, chini ya goti, unauma na una moto. Damu inaweza kuwa imeganda ndani.

Mwili unauma pamoja na homa. Hiyo si ya jembe. Lazima tupime malaria.

Viungo vya vidole vimevimba, na kila asubuhi ugumu unapita saa moja, majuma mengi.

Mgongo unauma hata usiku, na unakonda ao unatoka jasho usiku. Ao miguu imekufa ganzi, ao mkojo hautoki.

Wenye presha, sukari, ugonjwa wa moyo, ao ugonjwa wa damu wa SS, na wamama wenye mimba, watuulize kwanza mbele ya kuanza. Hatutawakataza wote, tutawaonyesha kipimo chao.

MAULIZO MAWILI TUNAYOSIKIA SANA

"Nikijinyoosha mbele ya kazi, sitaumwa?" Kujinyoosha kunalegeza viungo na ni vizuri, lakini hakuzuii sana maumivu ya siku ya pili. Kinachozuia ni kuanza na kidogo.

"Watu watanicheka, baba mzima kutembea njiani bila kwenda popote." Basi ubebe bidoni ndogo na uende kuleta maji, ao umsindikize mtoto shuleni. Mwili hauulizi sababu ya safari. Na kama mkeo ndiye anayeleta maji kila siku, atafurahi.

TUKUMBUKE

Ugumu wa siku za kwanza si uzee, si uchawi, si ugonjwa. Ni mwili unaoamka. Uanze na kidogo, uruke siku, uongeze polepole, usiache siku ya tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa, kabla sijaita namba ya kwanza: ninyi wote mumekaa juu ya benchi hii toka saa kumi na mbili. Wanaoweza, wasimame. Tunyooshe mikono juu. Tuinuke juu ya vidole, tushuke polepole. Mara tano. Mama, wewe mwenye mtoto mgongoni, shika ukuta. Vizuri. Mukifika nyumbani, mufanye tena.