Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na Katibu Mwenezi wa tawi mbele ya wanachama, mafundi na wageni waliohudhuria mkutano wa Jumapili.)



Nimepewa nafasi nizungumze juu ya mashine za simu. Najua wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la mafundi, si la mkutano. Lakini ndani ya jambo hili limo swali linalomhusu kila mtu mwenye shilingi ya kununulia kitu. Swali lenyewe ni hili: mtu akitupa sehemu kubwa ya kazi yake bure, kisha akatokea mwingine akaiga ile sehemu ndogo anayoiuza na kutuletea kwa bei ya chini, sisi wanunuzi tusimame upande wa nani?

Mimi nilisomea ualimu, na mwalimu haanzi na jibu. Basi kwanza nieleze asili ya mambo.

Zamani ofisi yenye simu nyingi haikuwa na budi kununua mtambo wa kuunganishia simu. Mitambo hiyo iliuzwa na makampuni makubwa kwa fedha nyingi, na aliyeununua mtambo hakununua maarifa yake. Akitaka kuongeza simu moja, amwite fundi wa kampuni. Akitaka kujua ndani mna nini, mlango umefungwa. Mnunuzi alikuwa kama mpangaji katika nyumba aliyoilipia mwenyewe.

Mwaka 1999, huko Alabama katika Marekani, kijana mmoja aitwaye Mark Spencer, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn, alianzisha kampuni ndogo ya kuwasaidia watu wanaotumia Linux. Alihitaji mtambo wa simu, na bei ikamshinda. Basi akakaa akaandika programu yake mwenyewe ya kuifanya kompyuta ya kawaida iwe mtambo wa simu. Akaipa jina la Asterisk, yaani ile alama ya nyota iliyo katika vitufe vya simu. Baada ya kuiandika hakuifungia kabatini. Aliitoa kwa watu wote chini ya leseni iitwayo GPL. Maana ya leseni hiyo kwa maneno machache ni hii: chukua, tumia, soma maandishi yake, rekebisha upendavyo, mpe na jirani yako, lakini ukimpa jirani, usimnyime ruhusa uliyopewa wewe, wala usimfiche maandishi yenyewe.

Alikuwako na mtu mwingine, Jim Dixon, bingwa wa mambo ya simu. Yeye aliona kwamba kompyuta za kawaida zimekwisha kuwa na mbio za kutosha kufanya kazi ambayo hapo awali ilifanywa na vipande vya ghali vilivyomo katika kadi za simu. Akachora kadi iliyo rahisi, akaiita Tormenta, neno la Kihispania lenye maana ya tufani. Mradi wake akauita Zapata, kwa kumkumbuka Emiliano Zapata, aliyewaongoza wakulima wa Mexico kudai ardhi yao mpaka akauawa mwaka 1919. Ndugu zangu, mtu hachagui jina kama hilo bure. Dixon aliona kwamba simu nazo zinataka mapinduzi, na michoro ya kadi yake akaitoa kwa kila aitakaye.

Programu ya Spencer ilipokutana na kazi ya Dixon, kompyuta ikapata masikio na kinywa. Kadi huchukua sauti inayopita katika waya na kuigeuza kuwa tarakimu, mara 8,000 katika kila sekunde, na kompyuta huzipokea na kuzipeleka zinakotakiwa. Waya mmoja wa aina ya E1, aina inayotumika Ulaya na huku Afrika, hubeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja. Mtambo wa namna hiyo hapo zamani ulikuwa mali ya matajiri. Sasa fundi mwenye kompyuta moja na subira anaweza kuusimamisha.

Sasa mtauliza: mtu aliyetoa programu bure alikula nini? Hili ndilo swali la msingi. Kampuni ya Spencer, ambayo baadaye ilichukua jina la Digium, iliuza kadi. Programu ni bure, kadi kwa fedha. Katika bei ya kila kadi mlikuwa na gharama ya kiwanda, na mlikuwa na fungu la mshahara wa wale waliokaa usiku na mchana wakiandika programu, wakiondoa makosa yake na kuwajibu wanaouliza. Mnunuzi wa kadi alikuwa analipa ada ya kisima ambacho yeye na majirani zake wote wanateka maji.

Basi wakaja waigaji. Kadi moja ya Digium iitwayo X100P, yenye nafasi ya waya mmoja wa simu, ilitumia kipande kilekile kilichokuwamo katika modemu fulani za bei ndogo. Mara modemu hizo zikauzwa kila mahali kwa jina la X100P. Ikaja kadi kubwa zaidi, TDM400P, yenye nafasi nne, nayo ikaigwa. Na kadi ya kuiga iliitika kwa programu ileile ya kuiendesha, iliyoitwa Zaptel na tangu mwaka 2008 ikaitwa DAHDI. Programu iliyoandikwa kwa mishahara ya wale walioigwa. Muuzaji wa nakala hakuwa na waandishi wa kuwalipa. Ndiyo maana aliweza kushusha bei.

Tufanye hesabu, kama tunavyofanya darasani. Huu ni mfano tu, si bei ya dukani. Tuseme kadi ya mwenyewe ni shilingi 10 na ya kuiga ni shilingi 6. Katika zile 10, tuseme 6 ni kiwanda na usafiri, na 4 ni mshahara wa mwandishi na faida ya kampuni. Mnunuzi wa nakala anasema, "Nimeokoa shilingi 4." Kweli ameziokoa. Lakini programu anayoitumia kesho itatengenezwa na nani? Wakinunua mia moja nakala, mwandishi amekosa shilingi 400. Akiondoka kutafuta riziki kwingine, makosa ya programu yatabaki bila mtu wa kuyatazama, na wa kwanza kulia atakuwa yule yule aliyeokoa shilingi 4. Wenye ushirika wanalijua jambo hili. Mwanachama anayemuuzia mlanguzi kahawa yake usiku kwa sababu ya senti chache hupata senti zake. Lakini chama kikifa, mlanguzi hutaja bei aipendayo.

Najua yako mapingamizi, na si haki kuyapita kimya.

La kwanza: "Sisi ni maskini, hatuwezi kununua kwa bei kubwa." Simlaumu mtu maskini. Mwanafunzi anayenunua nakala ili ajifunze hajamkosea mtu. Ninaowasema ni wale wenye fungu la kununulia mitambo, shule, hospitali, ushirika na kampuni, ambao fundi akiwaletea bei mbili hutazama tarakimu iliyo ndogo, basi. Tena wakumbuke kwamba bei ya dukani si gharama yote. Kadi za aina ya X100P zililalamikiwa sana kwa mwangwi, mtu akizungumza anaisikia sauti yake ikimrudia. Siku fundi anazozipoteza akitafuta dawa ya mwangwi nazo ni fedha. Siwezi kusema kila nakala ni mbovu. Ziko zinazofanya kazi vizuri. Ninachosema ni kwamba ikikwama, huna wa kumwendea.

La pili: "Leseni inaruhusu kunakili." Ni kweli, na mimi siombi ruhusa hiyo iondolewe. Lakini sheria kuruhusu jambo si sawa na jambo hilo kuwa jema. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kumshukuru aliyemvusha mto. Hata hivyo sote tunajua jina la mtu asiyeshukuru, na methali inasema shukrani ya punda ni mateke.

La tatu: "Digium ilikuwa kampuni ya kutafuta faida; kwa nini tuwatajirishe Wamarekani?" Swali zuri. Lakini tusiwapime watu kwa bendera zao, tuwapime kwa wanachokirudisha kisimani. Na hapa hapana budi niseme wazi kwamba simshambulii Mchina wala kiwanda chake. Yuko mhandisi wa Australia, David Rowe, aliyebuni mtambo mdogo wa simu uitwao IP04, unaoendeshwa na Asterisk, akatoa michoro yake yote hadharani. Uliotengenezwa na kuuzwa na kampuni ya China, Atcom, ulikuwa ni mtambo ule ule, na haukuwa wizi hata kidogo, kwa sababu Rowe alitaka utengenezwe. Rowe huyo huyo aliandika programu huria ya kuondoa mwangwi. Tena alishirikiana na Steve Song, aliyeanzisha mradi wa Village Telco huko Afrika Kusini, na wakaunda chombo kiitwacho Mesh Potato, ambacho huwaunganishia wanakijiji simu zao kwa njia ya hewani bila kusubiri nguzo za kampuni. Hicho nacho kilitengenezwa na Atcom. Basi ugomvi wetu si na kunakili. Ugomvi wetu ni na kupe, anayenyonya ng'ombe na hamletei hata jani moja.

Tutamjuaje kupe? Kabla ya kununua, tumwulize muuzaji maswali matatu. Kifaa hiki umekibuni wewe, au aliyekibuni amekubali? Wewe unatoa nini kwa wanaoiandika programu inayokiendesha: fedha, marekebisho, au watu? Kikiharibika au programu ikibadilika, nani atatusaidia? Akijibu vizuri, anunuliwe, atoke Alabama, Australia au China. Akibabaika, tumwache na bei yake.

Nyakati nazo zimebadilika. Mwaka 2018 Digium ilinunuliwa na Sangoma, kampuni ya Kanada ambayo yenyewe ni ya siku nyingi katika kazi ya kadi za simu, na Asterisk inaendelea kutolewa kwa leseni ya GPL. Ofisi nyingi siku hizi hupitisha simu katika intaneti na hazihitaji kadi. Lakini hoja haikufa pamoja na kadi. Bado tunanunua simu za mezani, vifaa vya kuunganisha waya na intaneti, mafunzo na matengenezo. Katika kila kimoja yuko anayelisha kisima na yuko anayeteka tu.

Basi kazi yetu ni nini? Mwenye madaraka ya kununua aandike katika masharti ya zabuni kwamba mchango wa muuzaji kwa programu utahesabiwa, si bei peke yake. Fundi amweleze mteja ukweli, wala asimwuzie nakala kwa jina la kadi ya mwenyewe. Huo ni udanganyifu. Na asiye na fedha si kwamba hana cha kutoa. Aliyegundua kosa alipeleke kwa waandishi likiwa limeelezwa vizuri. Mwalimu aandike maelezo kwa Kiswahili. Mwenye sauti nzuri arekodi maneno ya kumjibu mpigaji simu kwa lugha yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu zangu, leseni imetupa haki ya kuichukua Asterisk na kuiendeleza wenyewe hata kama waliyoianzisha wataiacha. Hiyo ni haki kubwa. Lakini haki isiyo na mikono ya kuitumia ni karatasi. Mikono hiyo inakula, ina watoto, inalipa kodi ya nyumba. Tukiinunua kazi yao leo, tunanunua na siku ya kujifunza kwao mpaka tuwe na waandishi wetu. Na siku hiyo sisi nasi tutaomba wenzetu wasitupite kwa sababu ya shilingi 4.