Taya la mtoto likivimba

Mtoto wa Kanda ya Ziwa akivimba taya ghafla, msikimbilie kung'oa jino. Huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka 1958. Huanza hivi: virusi vya Epstein-Barr hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe hizo zigawanyike bila kupumzika. Katika purukushani hiyo kromosomu ya 8 hukatika, na mara nyingi jeni yake iitwayo MYC hubandikwa kwenye kromosomu ya 14, mahali isipozimika. Chembe huzaliana ovyo. Mtoto hakurithi kosa hilo, wala (tuseme wazi) hakurogwa. Ugonjwa huu husikia dawa ukiwahiwa. Mzazi, ulizia hospitali ya Bugando mapema.