Kibofu Baada ya Kiharusi: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Kamati ilitutaka tuseme machache juu ya kiharusi, nasi tumechagua sehemu moja tu ya habari hiyo, ile ambayo watu huinamisha macho wakiitaja. Mwajua nyote kwamba mtu akipooza mkono ghafula, au mdomo ukienda upande, hana budi kukimbizwa hospitali. Lakini akisharudi nyumbani, jambo linalomvunja moyo mara nyingi si mkono bali ni mkojo. Mzee aliyekuwa akiketi mbele barazani haonekani tena kanisani wala matangani. Watu wa nyumbani husema amechoka. Hakuchoka, anaogopa kulowa mbele ya watu.

Tujue kwanza kwamba si yeye peke yake. Katika wagonjwa wanaolazwa kwa kiharusi, karibu nusu hushindwa kuzuia mkojo siku za mwanzo. Wengi hupata nafuu, hata baada ya mwaka mmoja wakabaki kadiri ya 15 katika kila 100. Kibofu chenyewe mara nyingi hakina ugonjwa. Ubongo ndio uliokuwa ukikiamuru kingoje, na amri hiyo sasa imelegea, basi haja huja kwa ghafula hata kibofu kikiwa hakijajaa. Kwa wengine kibofu hakimwagi chote, nacho huvuja kwa kujaa. Tena wako ambao kibofu chao ni kizima kabisa, ila mguu haufiki chooni kwa wakati, au vidole haviwezi kufungua vifungo, au ulimi hauwezi kusema "nipelekeni".

Hao wa mwisho twawasahau sana hapa kwetu. Choo chetu ki nyuma ya nyumba, na mvua ya Kakamega ya alasiri haimngoji mgonjwa. Njia huwa utelezi mtupu. Ndiyo maana mtaalamu wa tiba ya viungo, tunayedhani kazi yake ni kunyosha mikono tu, ana sehemu kubwa katika habari ya mkojo. Humfundisha mgonjwa kugeuka kitandani, kuketi bila kuanguka, kisha kuinuka kitini: avute miguu nyuma, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ajisukume juu. Mtu aingojaye haja yake akiwa ameketi wima, naye aweza kusimama mwenyewe, amekwisha kuvuka nusu ya safari. (Na tuseme hapa kwa kuwa twaliona kila mara: msimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lake huharibika.)

Kazi ya pili ni ya saa. Mgonjwa apelekwe haja ndogo kila baada ya saa mbili mchana, akihisi haja au asihisi, na nyakati ziandikwe katika daftari pamoja na mara alizolowa. Sisi makarani twapenda daftari, lakini hili si la kupendeza macho; baada ya siku tatu huonyesha wazi saa za hatari ni zipi. Akikaa mkavu, muda uongezwe kidogo kidogo, labda robo saa kwa juma. Haja ikimjia ghafula kabla ya wakati, asikimbie, maana wengi huvunjika nyonga kwa mbio hizo. Na atulie, akaze misuli ya chini, avute pumzi taratibu, na wimbi likipita aende polepole.

Misuli hiyo ya chini ndiyo kazi ya tatu. Dakt. Arnold Kegel wa Marekani aliandika habari za mazoezi yake mwaka 1948, akiwatibu akina mama waliozaa. Mtu huikaza kana kwamba azuia hewa isimtoke mbele ya wageni, bila kubana pumzi wala makalio. Hushika kadiri ya sekunde tano, hulegeza kwa muda ule ule, hurudia mara kumi, na hivyo mara tatu kwa siku. Matunda yake huonekana baada ya miezi mitatu, si kesho. Ushahidi kwa wagonjwa wa kiharusi ni mchache kuliko kwa akina mama hao, lakini zoezi halina gharama, na wanaume nao wanayo misuli hiyo.

Kuna kosa moja la huruma: kumnyima mgonjwa maji. Mkojo ukiwa mzito hukichoma kibofu, na choo kikubwa kikifunga hukisonga zaidi. Anywe maji mchana. Apunguze chai ya jioni, na busaa pia, ingawa twajua wazee hawatatushukuru kwa hilo.

Kabla ya yote, mkojo upimwe hospitalini, na mganga ahakikishe kwamba kibofu kinamwagika. Akishindwa kabisa kukojoa, tumbo la chini likivimba, akipata homa au damu, hayo si ya mazoezi; apelekwe siku hiyo hiyo.

Limebaki jambo la heshima. Kwa desturi zetu mkaza mwana hawezi kumvua baba mkwe nguo, na mwana huyo yuko Nairobi. Basi mzee hunyamaza, akalala katika maji mpaka ngozi ikapata vidonda. Mjukuu hutaniana na babu yake, naye afaa kazi hii. Na kiti chenye tundu, kikiwekwa kando ya kitanda na ndoo chini yake, huondoa nusu ya aibu. Fundi seremala yeyote aweza kukitengeneza.

Kwa hiyo twaleta ombi mbele ya mkutano. Chama hiki hukusanya fedha za mazishi kwa siku mbili. Twaomba sehemu ndogo ya mfuko itengeneze viti vinne vya namna hiyo, viazimwe kwa nyumba za wanachama na kurudishwa. Atakayehitaji na amwambie katibu faraghani. Majina hayo hayatasomwa mkutanoni, wala hayatachapwa katika taarifa ya mwaka.