MAZUNGUMZO YA AFYA: KIHARUSI NA DAWA YA KICHINA



Leo tunazungumza juu ya kiharusi, ugonjwa unaopoozesha mkono na mguu wa upande mmoja. Huenda mmesikia kwamba Wachina wana mitishamba ya ugonjwa huu. Ni kweli. Dawa hiyo huitwa Buyang Huanwu Tang. Tabibu Wang Qingren aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1830. Huchemshwa vitu saba pamoja: mzizi wa huangqi ndio mwingi kuliko vyote, na mnatiwa hata nyungunyungu waliokaushwa. Nia yake ni kuongeza nguvu mwilini na kuisukuma damu.

Lakini sikilizeni vizuri. Kiharusi ni cha namna mbili: mshipa wa kichwani huziba, au hupasuka damu ikamwagika. Dawa ya kusukuma damu yaweza kumdhuru aliyepasuka mshipa, na kwa macho huwezi kujua ni ipi. Hata daktari huhitaji picha ya ubongo. Basi usimnyweshe mgonjwa mchemsho wowote kabla ya kuuliza zahanati.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mpeleke zahanati mara moja, usiku au mchana. Usimpe chakula wala maji mpaka wahudumu wahakikishe anameza vizuri.

Akirudi nyumbani, asipoweza kujigeuza, mgeuzeni kila saa mbili. Mnyoosheni viungo polepole kila siku. Mwenye presha asiache vidonge vyake.

Mwelezeni na jirani ambaye hakuwepo.